Kijiji Kisichochorwa: Mipango ya Serikali na Ardhi ya Wanavijiji wa Mutshatsha



1. Hoja

Kijiji kisichoonekana kwenye ramani ya serikali huhamishwa kwa urahisi. Sisi wa Mutshatsha bado tuna muda wa kujichora wenyewe, na kazi hiyo ianze sasa.

2. Somo la Basse-Kando

Mashariki ya Kolwezi, upande wa barabara ya Likasi, iko hifadhi ya uwindaji ya Basse-Kando, iliyowekwa mwaka 1957, zamani za Wabelgiji. Hifadhi humbana mwanakijiji: kuwinda bila kibali ni kosa. Lakini ardhi hiyohiyo ilikuja kugawanywa kwa hati za madini, ingawa Kanuni ya Madini inakataza hati kutolewa ndani ya hifadhi. Kare moja ya madini, kipimo cha hati hizo, ni karibu hekta 85. Nyumba, visima na makaburi ya kijiji kidogo huenea humo, na mashamba ya mihogo pia.

Hivyo ramani mbili za serikali zimelaliana, ya wanyama na ya shaba, na mwanakijiji, asiyechorwa kwenye hata moja, amebanwa na zote mbili.

3. Hali yetu

Reli yetu ilifika Dilolo mwaka 1931. Leo inaitwa sehemu ya Ushoroba wa Lobito, njia ya kwenda bandari ya Lobito huko Angola, ambao mkataba wake wa maelewano ulitiwa saini na Kongo, Angola, Zambia na wabia wao Oktoba 2023. Maendeleo tunayataka. Tunauliza tu yatapita juu ya nini.

Mwulize mzee wa kijiji mpaka uko wapi. Atakuonyesha kichuguu, kijito, na mwembe aliopanda babu yake. Atakupeleka kwenye miombo ambako uyoga huota mvua zikianza, na ambako akina mama huokota finkubala, viwavi wa kuliwa. Kwenye karatasi za ofisini, mahali hapo ni pori tupu.

Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya serikali. Hata hivyo, kifungu cha 34 cha Katiba ya 2006 kinalinda mali ya mtu au ya jamii iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Desturi hiyo inahitaji ushahidi wa kushikwa mkononi.

4. Mapendekezo

Kwanza, kila kijiji kitembee mipaka yake pamoja na majirani, kichore ramani, machifu watie saini, na nakala ifike kwa msimamizi wa teritwari na mkoani.

Pili, penye msitu nje ya hifadhi, jamii iombe msitu wake kwa dekreti ya 2 Agosti 2014. Inaruhusu hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha muda.

Tatu, asihamishwe mtu kabla ya kukubaliana na kabla ya kuonyeshwa shamba na maji ya huko aendako.

Mpango wowote utakaotoka Kinshasa au Kolwezi uukute mwembe wa yule mzee umekwisha kuchorwa.