HOTUBA YA SIKU YA WANAWAKE: KAZI YA KUJITOLEA NA MFANO WA MAENDELEO YA WANAWAKE

(Ilisomwa mbele ya akina mama wa Mantapala, wilaya ya Nchelenge, tarehe 8 Machi. Inachapishwa kwa ombi la Komite.)



Kwanza nawashukuru wenyeji wetu. Leo ni juma la kwanza tangu ziwa la Mweru lifunguliwe kwa wavuvi, baada ya miezi mitatu ya katazo tangu tarehe 1 Desemba. Wote tunajua jinsi miezi hiyo inavyobana jiko, kwa Mzambia na kwa Mkongomani sawasawa. Hata hivyo, mama wa Kashikishi ambaye hakuwa na chisense za kuuza hakutufungia mlango. Ahsanteni sana.

Nimeombwa kusema juu ya historia ya vyama vya wanawake wa Afrika vinavyofanya kazi ya kujitolea. Nimekubali kwa sababu tunayo shauri kubwa mbele yetu. Jumamosi kikundi chetu cha akina mama wa kujitolea kitakata maneno mawili. La kwanza: shirika moja limesema litatoa motisha ya kila mwezi kwa wanachama wachache, nalo litachagua majina. La pili: wako wanaotaka kikundi kiwe tawi la Komite, na sanduku letu lihamie kwa mweka hazina wa Komite. Maneno hayo yametugawanya. Wako majirani ambao hawasalimiani tena bombani. Kwa hiyo nimetafuta wenzetu waliopita njia hii kabla yetu, ili tuone walifika wapi.

Mama zangu, kazi hii si ngeni kwetu. Nani asiyejua likelemba? Wenyeji wetu wanaiita chilimba. Ni fedha ndogo ya kila mmoja, leo anapewa huyu, kesho yule. Na kabla ya fedha kulikuwa na mikono: kumlimia mzazi aliye kitandani, kupika kwenye matanga, kumchotea maji mjane. Katika mwambao wa Kenya na Tanzania wanawake walikuwa na vyama vya lelemama. Ukiwatazama, utasema ni ngoma tu. Lakini ndani ya ngoma mlikuwa na viongozi, michango, na mpango wa kusaidiana harusini na msibani. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam, alipoombwa kuingiza wanawake katika TANU, hakuanza kutafuta mtu mmoja mmoja barabarani. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma. Maelfu ya wanawake wakaingia katika muda wa miezi michache, kwa sababu tayari walikuwa wamezoea kuitana na kuaminiana. Mwaka 1962, Umoja wa Wanawake wa Tanzania ulipoundwa, yeye ndiye akawa kiongozi wake.

Hapa Zambia wanamkumbuka Mama Julia Chikamoneka wa Lusaka. Alikuwa mfanya biashara mdogo. Aliwapikia na kuwalaza wapigania uhuru nyumbani kwake, wakamwita Mama UNIP. Hakuna aliyemwandikia mshahara.

Ng'ambo ya bahari pia, wanawake weusi wa Marekani waliungana mwaka 1896 mjini Washington. Vilabu vyao vidogo vikafanya chama kimoja cha taifa, na mwenyekiti wa kwanza alikuwa Mary Church Terrell. Wazazi wa wengi wao walikuwa watumwa. Walifungua shule za watoto wadogo na nyumba za wazee na yatima, kwa sababu mahali pengi milango ya wazungu ilikuwa imefungwa kwao. Neno lao lilikuwa kwamba anayepanda amwinue na mwenzake.

Sasa nije kwenye mfano wenyewe, yaani Maendeleo ya Wanawake ya Kenya. Ni chama kikubwa, na kimepitia mambo mengi yanayofanana na yetu.

Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka 1952. Waanzilishi hawakuwa Waafrika. Walikuwa wanawake wachache wa Kizungu, wakisaidiwa na idara ya serikali ya kikoloni iliyohusika na maendeleo ya jamii. Mwezi Oktoba mwaka huo huo serikali ilitangaza hali ya hatari kwa ajili ya vita vya Mau Mau. Kwa hiyo chama kilizaliwa katikati ya vita. Katika miaka ya 1954 na 1955 watu wa milima ya Kikuyu walihamishwa kwa nguvu, wakawekwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na ulinzi. Sisi tulioishi makambini tunaelewa neno hilo bila kufafanuliwa. Ndani ya vijiji hivyo vilabu vya Maendeleo viligawa uji na maziwa kwa watoto wenye njaa, vikatunza yatima, vikafundisha usafi, ushonaji na malezi.

Je, kazi hiyo ilikuwa njema au mbaya? Mtoto aliyekunywa uji alipona. Hilo ni jema. Lakini serikali ilivitumia vilabu hivyo pia ili kuwavuta wanawake waache kuwasaidia wapiganaji wa msituni. Wanawake wengi waliona mkono wa mkubwa ndani ya kikombe cha maziwa. Bibi zetu wa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, walijua jambo kama hilo katika foaye za wakati wa Wabelgiji. Walijifunza cherehani na upishi, nalo lilikuwa jambo la faida, lakini mwalimu ndiye aliyeamua mwanamke mwema ni nani.

Sasa sikilizeni neno la maana. Wanawake wa Kenya hawakukitupa chama kile. Walikichukua. Mwaka 1958 Bibi Phoebe Asiyo alikuwa Mwafrika wa kwanza kukiongoza. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 vilabu vikaendelea vijijini, kwa michango ya wanachama wenyewe. Watu wanakumbuka hasa vikundi vya mabati. Wanawake walichanga shilingi kidogo kidogo, wakawauzia watu vikapu na mazao, wakanunua mabati ya nyumba ya mmoja, kisha ya mwingine, mpaka zamu imezunguka. Kwa nini mabati? Kwa sababu paa la nyasi lilikula nguvu za mwanamke kila mwaka: kwenda mbali kukata nyasi, kuzibeba, kuzisuka, na bado mvua ikapenya. Paa la bati lilimpumzisha, na tena lilimpa maji ya mvua mlangoni. Huo ulikuwa mradi waliouchagua wao, kwa tabu waliyoijua wao.

Toka mwaka 1971 hadi 1984 chama kiliongozwa na Bibi Jane Kiano. Katika miaka hiyo kilikua sana. Kiliuza kazi za mikono za wanachama, na kikajenga nyumba yake kubwa katikati ya Nairobi. Wafadhili wa nje waliingia na fedha nyingi. Hapo ndipo matata yalipoingia pia. Fedha zilipokuwa nyingi, wakubwa waligundua kwamba chama cha akina mama ni kitu cha kugombewa. Katikati ya miaka ya 1980 kukawa na manung'uniko ya fedha, na serikali ikaingilia uongozi. Mwaka 1987 chama kikaunganishwa na chama tawala cha KANU. Uchaguzi wake wa mwaka 1989 uligeuka kuwa mashindano ya wanasiasa. Wanaume wenye vyeo waliwasimamisha wake zao na jamaa zao. Mama wa kijijini aliyechangia vikapu vyake akabaki mtazamaji. Mwisho wa mwaka 1991, Kenya iliporudia vyama vingi, Maendeleo na KANU zikatenganishwa. Lakini imani ikivunjika hairudi kwa tangazo la siku moja.

Hata hivyo mti haukukauka. Kwa nini? Kwa sababu mizizi ilikuwa vijijini, haikuwa katika lile jengo la Nairobi. Mwaka 1996, huko Tharaka, wanachama wa Maendeleo walikaa na akina mama wenzao waliotaka kuacha kuwakeketa binti zao bila kuwanyima sherehe ya kuwa wakubwa. Wakatengeneza sherehe mpya, iitwayo Ntanira na Mugambo, maana yake kutahiriwa kwa maneno. Binti alikaa ndani siku kadhaa, akafundishwa na wakubwa wake, akatoka na zawadi na ngoma, na wembe haukumgusa. Familia za kwanza zilikuwa kama thelathini tu. Halafu jambo likaenea sehemu nyingine. Hakuna mgeni ambaye angeweza kuingia nyumba kwa nyumba na kulisema neno la siri kama hilo. Aliyeweza ni jirani anayejulikana, ambaye alikuja jana kwa ajili ya msiba, na juzi kwa ajili ya mtoto mgonjwa.

Mama zangu, hapo ndipo nguvu yetu ilipo. Hapa Mantapala, tangu makazi haya yafunguliwe mwaka 2018, wengi wetu tulifika kutoka Pweto, Moba na vijiji vya njiani bila kujuana. Wengine walikuwa wamekwisha kuwa wakimbizi katika Kala au Mwange, wakarudi Kongo, na vita vikawafukuza mara ya pili. Tulianza kutembeleana kwa sababu mama mmoja alijifungua peke yake usiku na hakuna aliyejua. Tangu hapo tumekwenda kwa wazazi, kwa wazee wasio na mtu, kwa walioogopa kwenda kliniki, kwa wasichana wenye jambo wasiloweza kumwambia mwanamume. Hiyo ndiyo mali ya kikundi. Sanduku ni dogo. Imani ya watu ndiyo kubwa.

Sasa niseme wazi juu ya motisha. Sitawaambia kwamba fedha ni dhambi. Mkono mtupu haulambwi. Mama anayetembelea nyumba kumi kwa juma anachakaza viatu, anaacha shamba lake, na sabuni anayonawia anainunua mwenyewe. Anayesema ajitolee tu na afurahi, na aanze yeye. Ndugu zetu wa mashirika wanapotaka kusaidia, nawaomba tusiwaone kama adui. Lakini historia ya Maendeleo inatuonya juu ya aina ya msaada. Mshahara wa watu watano katika kikundi cha watu arobaini utafanya nini? Thelathini na watano watasema: kazi ni ya wale wanaolipwa. Na siku mradi utakapofungwa, kama miradi yote inavyofungwa, hao watano watakaa chini, na wale thelathini na watano hawatainuka tena. Cha kuazima hakisitiri matako, walisema wazee. Mtaniwia radhi kwa neno hilo.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, nanyi mtaamua Jumamosi.

Kwanza, tulishukuru shirika, na tuombe msaada uje kwa kazi, si kwa majina: sabuni, makoti ya mvua, viatu, taa za usiku, baiskeli ya kumpeleka mgonjwa kliniki, mafunzo kwa wote. Kama motisha ni lazima, basi iwe ya zamu, kama likelemba, na sisi wenyewe tupange zamu.

Pili, sanduku libaki kwetu, lenye kufuli tatu na watunza funguo watatu wa bloku mbalimbali. Lakini kila mwezi hesabu isomwe hadharani, na Komite iitwe kusikia. Tukikataa kuchunguzwa, hatuna haki ya kukataa kutawaliwa.

Tatu, viongozi wachaguliwe na wanachama kwa muda uliowekwa, na asichaguliwe mtu kwa cheo cha mumewe. Komite ni baraza letu sote na tunaiheshimu. Tushirikiane nayo katika kila jambo, lakini kikundi kisiwe kiti cha mtu yeyote.

Nne, tuwaingize mama wa Zambia wa vijiji vya jirani. Kipindupindu kinapokuja kando ya ziwa hakiulizi kadi ya mkimbizi. Tukitembelea nyumba zetu na kuruka za wenyeji, tutakuwa tumejenga ua mahali ambapo wao hawakutujengea.

Najua wako watakaosema kwamba nimependelea upande. Nimependelea wale wanaotungoja: yule bibi wa bloku ya mwisho ambaye hana mtoto, yule msichana wa miaka kumi na mitano mwenye mimba. Wao hawana habari na ugomvi wetu. Wanahesabu siku tu, tangu tulipowatembelea mara ya mwisho. Katika majuma haya mawili ya mabishano, nyumba kadhaa hazikufikiwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole vinavyogombana havivunji kitu.

Basi Jumamosi tuje wote saa nane, kila mmoja na neno lake, na tuondoke na neno moja. Jumatatu asubuhi ziara zianze tena, upande wowote utakaoshinda.

Mungu awabariki, ailinde Zambia iliyotupokea, na aipe Kongo amani.