Mtoto Asipofika Darasani: Mazungumzo na Wazazi wa Chekechea na Gredi za Chini



Swali tunaloulizwa mara nyingi na wazazi wenye watoto wadogo ni hili: je, kweli kuna sheria inayomhusu mzazi ambaye mtoto wake hukosa shule siku moja moja? Ndiyo, ipo.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kupata elimu ya msingi bila malipo na kwa lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ndiyo iliyoweka wajibu huo mabegani mwa mzazi. Kifungu chake cha 30 kinamtaka kila mzazi ambaye mtoto wake ni Mkenya, au anaishi Kenya, ahakikishe kwamba mtoto huyo anahudhuria shule kwa ukawaida. Tafadhalini, yaangalieni maneno hayo ya mwisho. Sheria haikuridhika na jina kuandikwa katika rejista mwezi wa Januari; inataka mtoto mwenyewe aonekane darasani. Mzazi anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka 1, au kupewa adhabu zote mbili.

Wapo wanaodhani kwamba jambo hili huanza Gredi ya 1, na kwamba chekechea ni mahali pa kucheza tu mama akiwa sokoni. Sivyo. Miaka miwili ya PP1 na PP2 imo ndani ya elimu ya msingi, ingawa inasimamiwa na serikali za kaunti. Na kwa kweli ni katika umri huo wa miaka minne na mitano ambapo mazoea ya kuamka, kuoga na kwenda shule hujengeka, au hukosa kujengeka.

Hatuyasemi haya ili kuwatia hofu. Baina ya siku aliyokosa mtoto na mlango wa mahakama kuna njia ndefu, nayo imeelezwa katika sheria hiyo hiyo. Mwanafunzi asipofika shuleni, mwalimu mkuu ana wajibu wa kuchunguza sababu. Uchunguzi ukionyesha kwamba hakuna sababu ya kuridhisha, humwandikia mzazi ilani ya kumtaka atimize sheria, na kupeleka taarifa kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuulizwa. Mzazi aliyekwisha kutoa habari kabla ya kuulizwa hana la kuogopa.

Kutoa habari si kazi kubwa. Mtoto akiamka na homa, mpigie mwalimu wa darasa simu au umtumie ujumbe kabla ya masomo kuanza, useme jina la mtoto, gredi yake, sababu, na siku unayotazamia atarudi. Akipelekwa zahanati, hifadhi karatasi uliyopewa. Tetekuwanga na surua huambukiza upesi, kwa hivyo mtoto mwenye maradhi hayo na abaki nyumbani mpaka mhudumu wa afya aseme yuko salama kuchangamana na wenzake; kumlazimisha aende ili rejista isiwe na pengo ni kuwaumiza watoto wa wengine. Matanga nayo yanaeleweka. Mwambie mwalimu mnasafiri siku ngapi, na mkichelewa njiani mwarifu tena.

Lisiloeleweka kwa urahisi ni ile siku moja ya kila wiki. Mtoto hubakishwa siku ya soko amlinde mdogo wake, au Ijumaa kwa kuwa wiki imekwisha. Siku za masomo katika wiki ni tano. Anayekosa moja kila wiki hupoteza sehemu moja ya tano ya masomo ya mwaka, na kwa kuwa siku ni ile ile, huenda akakosa somo lile lile kila mara. Mtoto wa Gredi ya 2 anayejifunza kusoma hawezi kuliziba pengo hilo peke yake, na mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kumrudia yeye tu.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo penye kutatiza zaidi. Wapo wazazi wanaomficha mtoto nyumbani kwa aibu: mchango fulani haujalipwa, na mzazi anaona heri mtoto akae kuliko kusimamishwa mbele ya wenzake. Tunaielewa aibu hiyo. Lakini jueni haki yenu. Shule ya umma hairuhusiwi kutoza karo ya masomo. Michango mingine huweza kutozwa kwa idhini ya Waziri, baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Na hata ikiwa imeidhinishwa, sheria inasema wazi kwamba mtoto hatakataliwa kuhudhuria shule kwa sababu hajalipa. Aidha, hakuna mtu anayeruhusiwa kukusanya mchango bila kutoa stakabadhi rasmi. Basi mpelekeni mtoto shuleni, kisha mzazi mwenyewe azungumze na mwalimu mkuu kuhusu deni. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya fedha, andikeni tarehe, kiasi kilichodaiwa na jina la aliyemrudisha. Mwoneni mwalimu mkuu kwanza. Msiporidhika, nendeni kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo, kisha Bodi ya Kaunti. Kumweka mtoto nyumbani hugeuza kosa la shule likawa kosa lenu.

Kuna pia mtoto ambaye tumbo humuuma kila Jumatatu. Kabla ya kumwita mvivu, kaa naye jioni umwulize kwa upole. Pengine anaonewa njiani, au anachapwa kwa kuchelewa. Sheria inakataza mwanafunzi kupewa adhabu ya kuumiza mwili au kumtesa kisaikolojia, na mzazi ana haki ya kulalamika akitumia njia tuliyoitaja.

Familia ikihama, ombeni uhamisho shuleni kabla ya kuondoka. Bila hivyo jina la mtoto hubaki katika rejista ya zamani, akihesabiwa mtoro, ilhali huenda ameketi kwenye dawati jipya maili nyingi kutoka hapo.

Na nyinyi bibi na babu mnaolea wajukuu ambao wazazi wao wako mijini: msidhani wajibu huu hauwahusu. Anayeishi na mtoto ndiye anayejua kama leo ametoka nyumbani akiwa na sare na daftari. Mwachieni mwalimu wa darasa nambari ya simu ya mtu wa nyumbani anayepatikana mchana. Kama hamna simu, jirani atawafaa, mradi awe amekubali, na mwalimu aambiwe.