Gari la Kuishi na Nyumba ya Msingi: Hesabu ya Gharama Zake

(Maneno haya yalisemwa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi katika semina ya elimu ya ushirika. Yamechapishwa hapa kwa maombi ya vyama ambavyo havikupata kuhudhuria.)



Katibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo aliniletea swali ambalo sikulitazamia. Mwanachama wake, mzee mkulima wa kahawa, ana kijana anayeendesha malori nchini Marekani. Kijana huyo amekuwa akimletea baba yake fedha za kujenga, na nyumba imekwisha kufika kwenye linta. Sasa ameandika kwamba ujenzi usimame, kwa kuwa fedha zilizosalia anataka kuzitia katika gari la kuishi, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko, choo na bafu ndani yake. Anasema kwamba akiwa na gari hilo hatalipa kodi ya nyumba tena maisha yake yote. Mzee akamwuliza katibu wake: je, mwanangu amepotewa na akili, au sisi ndio tuliopitwa na wakati?

Ndugu zangu, swali hilo si la kuchekwa. Huko Marekani wako watu wengi wanaoishi hivyo mwaka mzima, na si wote waliofanya hivyo kwa kupenda matembezi. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, familia nyingi zilinyang'anywa nyumba na mabenki, na wazee ambao pensheni yao haikutosha kulipa pango waliingia barabarani. Mwandishi Jessica Bruder alieleza habari zao katika kitabu chake cha mwaka 2017, na filamu iliyotokana na kitabu hicho, Nomadland, ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Mwaka huohuo wa 2021 viwanda vya huko vilitoa magari na matela ya kuishi zaidi kidogo ya 600,000. Kufikia mwaka 2023 idadi ilikuwa imeshuka hadi kama 313,000. Nawaomba makatibu wazikumbuke tarakimu hizo mbili, kwa maana tutazihitaji tutakapofika kwenye thamani ya mali.

Na tuanze kwa kutoa daftari, kama ifanywavyo katika chama. Nitatumia tarakimu za mfano tu, ili hesabu ionekane. Kila mmoja anaweza kuzibadili kwa bei atakazozikuta.

Tuseme gari la kuishi linauzwa dola 100,000. Mnunuzi anatoa kianzio cha dola 20,000, na zilizobaki 80,000 anakopa kwa miaka 15 kwa riba ya asilimia 8. Rejesho lake la kila mwezi litakuwa karibu dola 765. Tuseme tena kwamba jirani yake ananunua nyumba ya dola 250,000, anatoa kianzio kilekile cha dola 20,000, na kukopa 230,000 kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 7. Rejesho la huyu ni dola 1,530 kwa mwezi. Mtu akiishia hapo atasema gari ni nusu ya bei ya nyumba. Kijana wetu, nadhani, aliishia hapo.

Lakini gari halikai hewani. Likiegeshwa katika uwanja wenye maji, umeme na mahali pa kumwaga maji machafu, tuseme uwanja huo unatozwa dola 700 kwa mwezi. Likitembea maili 1,000 kwa mwezi, na gari kubwa la aina hii huenda maili 8 tu kwa galoni, yaani kilometa tatu na kidogo kwa lita, litakunywa galoni 125. Kwa dola 4 kila galoni, hizo ni dola 500. Bima tuiweke 150, matengenezo 200. Jumla inakuwa dola 2,315 kwa mwezi. Upande wa nyumba tuongeze kodi ya jengo 250, bima 150, matengenezo 210, maji na umeme 200. Jumla inakuwa 2,340. Tofauti ni dola 25. Ni kweli kwamba mwenye nyumba atahitaji pia gari la kwendea kazini, nalo ni gharama. Lakini hata wengi wa wenye magari ya kuishi hukokota gari dogo nyuma yao, kwa sababu hakuna mtu awezaye kwenda sokoni kununua vitunguu na basi la tani kumi.

Sasa tazameni jambo la ajabu kidogo. Gharama ya gari hushuka pale linapoacha kwenda. Katika jangwa la Arizona, karibu na mji mdogo wa Quartzsite, serikali ya Marekani imetenga ardhi ya umma ambapo mtu huruhusiwa kukaa kuanzia 15 Septemba mpaka 15 Aprili kwa kibali kimoja, na kwa miaka mingi kibali hicho kilikuwa dola 180 kwa msimu wote wa miezi saba. Hiyo ni kama dola 26 kwa mwezi. Mtu akikaa hapo, akatumia dizeli ya dola 100 tu, hesabu yetu ya 2,315 inashuka mpaka 1,240 hivi. Basi aliyenunua magurudumu ili atembee huona nafuu kwa kutotembea. Na nafuu hiyo ina masharti yake: katika sehemu kubwa ya eneo hilo hapana bomba la maji wala waya wa umeme, mtu ajitegemee kwa sola na matangi yake, na ifikapo Aprili joto humfukuza hata kama sheria isingemfukuza. Penginepo katika ardhi ya umma muda wa kukaa kwa kawaida ni siku 14, kisha lazima uhame.

Kuhusu mijini mambo ni magumu zaidi. Mwezi Juni 2024 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la mji wa Grants Pass, jimbo la Oregon, iliamua kwamba miji inaweza kuwaadhibu watu wanaolala katika maeneo ya umma hata kama hawana pa kwenda. Mtu alalaye garini kando ya barabara hana budi kuujua uamuzi huo kabla ya kusema kwamba hatalipa kodi ya pango tena.

Nije sasa kwenye jambo ambalo makatibu wanalifahamu kuliko mimi, nalo ni uchakavu. Kila mwaka mkifunga hesabu mnaandika uchakavu wa lori la chama, wa pikipiki ya bwana shamba, wa mashine ya kukoboa. Hamwandiki uchakavu wa ardhi. Gari la kuishi, hata likiwa na zulia na jiko la vigae, liko katika ukurasa wa lori. Wafanyao biashara hiyo hukadiria kwamba likitoka dukani tu hupoteza kama sehemu ya tano ya thamani yake katika mwaka wa kwanza. Tairi zake hubadilishwa kwa umri, miaka mitano hadi saba, hata kama kashata zake bado ni ndefu, kwa kuwa jua na kusimama huzipasua. Paa lake lina viungo vilivyozibwa kwa gundi, na gundi hiyo isipokaguliwa mara kwa mara maji huingia na kuozesha kuta kimyakimya. Tena injini ikiharibika, si gari peke yake linaloingia gereji. Kitanda, sufuria na nguo za watoto vimeingia gereji pamoja nalo, na familia inatafuta hoteli.

Basi turudi kwenye daftari baada ya miaka 10. Mwenye gari amelipa marejesho ya dola 91,800, na bado anadaiwa kama 37,700. Tuseme gari lake sasa linauzika kwa 40,000. Mali yake halisi ni dola 2,300. Mwenye nyumba amelipa 183,600, na bado anadaiwa 197,400. Bei ya nyumba yake ikiwa haikupanda hata senti moja, mali yake halisi ni dola 52,600. Miezi ile ambayo gharama zao zilikuwa karibu sawa, mmoja alikuwa akijiwekea akiba bila kujua na mwingine alikuwa akiitawanya barabarani.

Hata hivyo sitaki mtoke hapa mkidhani nyumba haina hatari. Kati ya mwaka 2006 na 2012 bei za nyumba Marekani zilianguka kwa zaidi ya robo. Nyumba yetu ya mfano ikianguka kwa robo inakuwa na thamani ya 187,500, na deni ni 197,400. Hapo mwenye nyumba anadaiwa kuliko anachomiliki, na akipoteza kazi mwezi huo, benki itauza. Kwa upande mwingine yuko yule aliyenunua gari kuukuu kwa fedha taslimu, dola elfu nane au kumi, bila mkopo. Huyo hana mengi ya kupoteza, na hesabu yake ni nyingine kabisa. Kwa mfanyakazi asiye na mke wala mtoto, anayefuata kazi kutoka jimbo hata jimbo, huenda yeye ndiye mwenye akili kuliko wote niliowataja. Walionunua magari mapya mwaka 2021, bei zilipokuwa juu na kila mtu akililia gari, wakataka kuyauza wakati wateja wamekwisha kupungua, ndio ninaowahurumia.

Kwa hiyo jawabu langu kwa yule mzee lilikuwa hili: mwanao hajapotewa na akili, bali anunue gari kuukuu kwa fedha taslimu kama kazi yake inamtaka, na nyumba isiachwe kwenye linta ipigwe na mvua, kwa maana ukuta usioezekwa una uchakavu wake pia. Kati ya mambo hayo mawili, mkopo wa miaka 15 kwa ajili ya gari ndio ninaoukataa.

Ndugu Wanaushirika, sehemu iliyonivutia zaidi katika habari hizi haimo katika gari wala katika nyumba. Imo katika ardhi iliyo chini yake. Mamilioni ya Wamarekani wanaishi katika nyumba zilizotengenezwa kiwandani na kuwekwa katika viwanja vya watu wengine. Nyumba ni yao, ardhi si yao. Mwenye ardhi akipandisha kodi hawana la kufanya, kwa kuwa nyumba hizo, ijapokuwa zilikuja kwa magurudumu, kuzihamisha ni gharama kubwa na nyingine haziwezi kuhamishika tena. Mwaka 1984 huko Meredith, jimbo la New Hampshire, familia 13 katika uwanja mmoja wa namna hiyo zilisikia kwamba mwenye uwanja anauza. Zilijiunga kuwa chama cha ushirika, zikapata mkopo katika mfuko wa mikopo ya jamii wa huko, zikanunua uwanja wote. Kodi waliyokuwa wakimlipa tajiri wakawa wanailipa kwa chama chao wenyewe. Mwaka 2008 kikaundwa chombo cha nchi nzima, ROC USA, kusaidia wengine wafanye vivyo hivyo, na leo jumuiya za namna hiyo zimepita 300.

Hata wenye magari ya kuishi wameifuata njia hiyo. Joe na Kay Peterson walianzisha klabu ya Escapees mwaka 1978. Wanachama wake wakajenga viwanja vya ushirika, kimojawapo kikiwa Benson, Arizona, ambapo kila mwanachama hulipia haki ya kutumia sehemu yake na mambo yote huamuliwa katika mkutano wa wanachama. Huko Livingston, Texas, klabu hiyo ina kituo ambapo wanachama waliozeeka au kuugua hukaa ndani ya magari yao wenyewe na kuhudumiwa. Watu waliokimbia ardhi wakarudi kwenye ardhi, ila safari hii kwa pamoja.

Kwa vyama vyetu liko jambo moja la kufanyia kazi mara moja. Kamati za mikopo zinaletewa maombi ambayo dhamana yake ni gari, na maombi ambayo dhamana yake ni kiwanja au nyumba. Dhamana ya gari isipewe muda wa marejesho unaozidi maisha ya gari lenyewe. Kamati iandike, mwaka kwa mwaka, thamani itakayobaki na deni litakalobaki, safu mbili sambamba, kama tulivyofanya sasa hivi. Mwaka ambao safu ya deni inaizidi safu ya thamani, hapo chama hakina dhamana tena. Kwa upande wa kiwanja, katibu asiridhike na maneno ya mwombaji. Ardhi yetu hapa Tanzania ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, na anachomiliki mwanachama ni haki ya kuitumia. Aone hati, aone miaka iliyobaki kama hati ina ukomo, na aulize kama mke au mume ameridhia, kwa maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inalitaka hilo nyumba ya familia inapowekwa rehani.

Nimeleta nakala za jedwali la safu mbili kwa kila chama. Makatibu wazichukue pale mlangoni, na wenye maombi ya mikopo waliyokuja nayo leo wabaki kidogo, tuyajaze pamoja kabla gari la chakula halijafika.