Peni Ishirini za Birmingham



Nimeombwa nizungumzie pendekezo la kuanzisha chama cha misaada kitakachowafikia hata wasio wa damu yetu. Najua jambo hili limewagawa wazee. Wapo wasemao kwamba mwenye nyumba inayovuja haezeki ya jirani. Kabla ya kutoa rai yangu, nitaeleza habari ya chama kimoja kilichozaliwa nchini humu.

Mwaka 1984, njaa ilipozitesa Ethiopia na Sudan, daktari kijana wa Kimisri, Hany El-Banna, alikuwa akisoma Birmingham. Yeye na wanafunzi wenzake wakaanzisha Islamic Relief. Mchango wa kwanza ulikuwa peni 20, uliotolewa na mtoto wa nduguye. Miongoni mwa kazi zao za mwanzo ulikuwa mradi wa kufuga kuku huko Sudan. Walikuwa wageni ugenini kama sisi, wala fedha hazikukusanywa kwa ajili ya jamaa zao. Mwaka 2005 chama hicho kilipokewa katika kamati inayoyaunganisha mashirika makubwa ya Uingereza kuchangisha kwa pamoja panapotokea maafa. El-Banna alikiongoza kwa zaidi ya miaka 20, kisha akawapisha wengine. Kupisha, kwa maoni yangu, ni kazi ngumu kuliko kuanzisha; wenyeviti wetu wa maisha waniwie radhi.

Mimi nimetumikia serikali miaka mingi nikikagua hati za malipo, na kinachonishughulisha ni daftari. Fedha iliyochangwa kwa ajili ya kisima haiwezi kujenga madrasa, hata kama madrasa ni jambo jema na mjenzi ni binamu yetu. Ile ni amana. Sheria ya England nayo hudai kwamba chama cha hisani kinufaishe umma. Wadhamini wake kwa kawaida hawalipwi mshahara. Na mapato yakizidi pauni 5,000 kwa mwaka, hutakiwa kujiandikisha kwa Tume ya Vyama vya Hisani. Kwa hiyo wanaotaka chama kilichoandikishwa, lakini misaada iishie kwa jamaa tu, wanataka mambo mawili yasiyokaa pamoja kwa urahisi.

Rai yangu ni hii. Mfuko wa Misiba usiguswe. Maiti wetu watazikwa kama kawaida. Tufungue hesabu ya pili benki, yenye watia saini wawili wasiotoka tumbo moja. Mwaka wa kwanza tufanye kazi moja tu, kisima kimoja, na hesabu zake zisomwe hadharani hapa, hadi risiti ya saruji.

Kura itapigwa baada ya sala ya adhuhuri. Rasimu ya katiba iko mezani kwa Mweka Hazina. Ambao macho yamechoka, Bibi Katibu amekubali kuwasomea.