Mali bila daftari

Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni



Leo nataka tuzungumzie mali ambayo wengi wetu hatunayo, na pengine hatutakuwa nayo maishani. Mali hiyo ni karavani. Lakini nakuomba usikimbilie kubadili stesheni, maana mwishoni mwa mazungumzo haya nitakutuma ukatazame kitu fulani katika gari lako, au katika daladala unayoipanda kila asubuhi.

Kwanza tuelewane. Sisemi trela la lori linalobeba makontena kutoka bandarini. Nasema kijumba chenye magurudumu mawili, ambacho ndani yake mna kitanda, meza, sinki na jiko la gesi. Mwenyewe hukifunga nyuma ya gari dogo, akakikokota hadi ziwani au msituni, akapumzika siku mbili tatu na jamaa zake, kisha akarudi nacho nyumbani. Kwa wenzetu wa Kanada na Marekani hiyo si anasa ya matajiri peke yao. Fundi wa reli anayo, mwalimu anayo, na muuguzi anayo.

Mimi niliishi Winnipeg, katika jimbo la Manitoba, tangu mwaka 2007 hadi 2016. Mji huo una historia yake katika jambo hili. Mwaka 1968 mtu mmoja wa hapo, Ray Olecko, ambaye kabla yake alikuwa ameshughulika na matangi ya maji machafu ya faibaglasi, aliwaza kwamba kama faibaglasi inaweza kuzuia maji yasitoke, basi inaweza pia kuyazuia yasiingie. Akatengeneza karavani ya urefu wa futi 13, ya vipande viwili vilivyounganishwa kama maganda ya yai, yenye uzito usiofika kilo 500 ikiwa tupu. Kwa kuwa umbo lake lilifanana na ile kofia ya duara ya mabwana wa Kiingereza, aliipa jina la Boler. Ziliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1980, na hata leo utazikuta barabarani.

Karavani yangu ilikuwa moja ya hizo, ya mwaka 1974. Niliinunua mwaka 2010 kwa jirani yangu, mzee mstaafu ambaye macho yalikuwa yamemchosha na hakutaka tena safari za barabarani. Tulipomaliza kuhesabiana fedha aliniongezea vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa maneno. Aliniambia, "Ikianza kucheza nyuma yako, usikanyage breki kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani, iache ipungue yenyewe." Cha pili kilikuwa daftari, lile la shule lenye jalada la bluu. Mlikuwa na tarehe na mistari mifupi mifupi: siku aliyotia grisi kwenye beringi, siku aliyoziba dirisha, siku aliyobadili waya wa taa. Nilimshukuru, nikaliweka kwenye kabati juu ya sinki.

Sasa nikwambie nilichofanya kwanza, ndugu msikilizaji, na usinicheke. Nilinunua rangi. Niliipaka karavani rangi ya samawati chini na nyeupe juu, mke wangu akashona mapazia ya kitenge, watoto wakabandika picha za twiga. Majirani walisimama kuitazama. Ilipendeza kweli.

Ikaja baridi. Usiku wa Januari kule Winnipeg hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na maji yakigeuka barafu hutanuka kwa kiasi cha asilimia 9. Hayamwombi mtu ruhusa. Nilikuwa nimeyaacha maji ndani ya tangi na kwenye bomba la mkono la sinki. Majira ya kuchipua nilipofungua mlango, bomba lilikuwa limepasuka kutoka juu hadi chini. Nikanunua jingine, nikanung'unika, nikasema ni bahati mbaya. Daftari lilikuwa palepale kabatini, na kila mwezi wa Oktoba mzee alikuwa ameandika mstari uleule: maji yametolewa.

Tulisafiri mwaka 2010, tukasafiri mwaka 2011, wala hakikutokea kitu. Na hapo ndipo uzembe unapojenga nyumba. Mtu akipita salama mara mbili kwenye daraja bovu, mara ya tatu hulisifu.

Ijumaa moja ya Julai 2012 tulikuwa tukielekea ziwa Falcon, kiasi cha kilomita 150 mashariki ya Winnipeg, katika ile barabara kuu inayopita Kanada nzima. Nilikuwa katika mwendo wa kilomita 105 kwa saa. Watoto wawili walikuwa kiti cha nyuma wakiimba. Ndani ya karavani, mwisho kabisa chini ya kitanda, nilikuwa nimepakia kreti mbili za soda, gunia la mkaa wa kuchomea nyama, na madumu mawili ya maji ya lita 20. Nyuma yetu lilikuja lori.

Tairi la kushoto la karavani lilipasuka kwa mlio wa bunduki. Kwenye kioo niliiona karavani ikitupa mkia kulia, kisha kushoto, kama mbuzi anayekataa kwenda sokoni, na kila ilipojitupa iliivuta na gari. Mguu wangu ulitaka breki. Sijui ni rehema gani iliyonikumbusha maneno ya mzee. Niliuondoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani kwa mikono miwili, nikasubiri. Ule haukuwa muda mrefu, lakini mpaka leo naweza kuusimulia kila sehemu yake. Lori lilitupita likipiga honi, upepo wake ukatusukuma mara moja zaidi, kisha tukasimama kwenye kokoto za kando ya barabara. Watoto walikuwa wamenyamaza.

Tuliwatoa tukawakalisha mbali kwenye majani. Mke wangu aliingia ndani ya karavani, akatoka na daftari. Hakupaza sauti. Aliniuliza, "Baba watoto, hili uliwahi kulisoma?" Akafungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Ulikuwa wa vuli ya 2009, kwa mwandiko wa mzee: "Matairi yanaonekana mazuri. Ni ya 2001. Yabadilishwe kabla ya safari ndefu."

Ndugu msikilizaji, matairi mapya mawili yangenigharimu dola 160. Rangi na mapazia vilinigharimu zaidi ya hapo.

Tuliporudi nilikwenda kwa mzee nikamweleza yote bila kuficha. Aliuliza jambo moja tu, "Watoto wazima?" Nikamwambia wazima. Akaenda kuchukua jeki yake, na mchana ule alinifundisha karavani yangu upya, nami ndipo nikaanza kuandika katika lile daftari.

Alinifundisha kwamba adui wa kwanza ni maji. Ganda la Boler ni la faibaglasi wala halina maungio mengi, lakini kabati zake zimeshikizwa kwa ribiti zinazotoboa ganda, na madirisha yana mipira inayokauka. Tone moja likipenya hapo halionekani. Huteremka ukutani hadi kwenye sakafu, na sakafu ni plaiwudi. Siku utakapoliona, mguu wako utakuwa umezama. Kwa hiyo baada ya kila mvua kubwa piga magoti upapase pembeni kwa mkono, maana mkono huujua unyevu kabla ya jicho.

Alinifundisha kwamba mzigo una mahali pake. Ukiujaza nyuma ya gurudumu, pua ya karavani huinuka, nayo huanza kucheza mkia kwa sababu ndogo tu. Kule Amerika ya Kaskazini kipimo chao ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikalie kichwa cha kuunganishia. Kama karavani na mizigo yake ni kilo 600, basi kilo 60 hadi 90 ziwe mbele. Karavani ndogo namna hiyo unaweza kuipima hata kwa mizani ya bafuni. Soda zangu na maji yangu vilikuwa vimeliongezea tairi bovu kosa la pili.

Alinifundisha kutia grisi beringi kila mwaka hata kama hatukusafiri mbali, na kukaza tena nati za gurudumu baada ya kilomita 100 za mwanzo kila lilipofunguliwa. Alinifundisha kupaka maji ya sabuni kwenye mpira wa gesi: povu likichemka, gesi inavuja. Na alinionya nisiwashe jiko usiku ili kupasha moto chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa ya sumu itokayo hapo haina harufu wala rangi, nayo huua mtu akiwa usingizini. Nadhani onyo hilo halihitaji tafsiri kwetu, tunaojua ni nyumba ngapi zimepata msiba kwa jiko la mkaa lililoingizwa chumbani wakati wa baridi.

Lakini somo kubwa lilikuwa la tairi. Tairi la gari la kila siku huisha kwa kusagika. Tairi la karavani huisha kwa kuzeeka. Hukaa miezi tisa limebeba uzito mahali pamoja, jua na hewa vikilikausha mpira, na lile lisilozunguka hukauka upesi zaidi, kwani ni kule kuzunguka na kujinyonganyonga kunakosukuma dawa za kulinda mpira zifike juu. Kwa nje si kipara, linang'aa. Ndani limekwisha kuwa biskuti.

Hapa sasa, msikilizaji, tunarudi nyumbani. Wewe huna karavani. Lakini katika miji yetu ni wangapi wetu tunaonunua matairi yaliyokwisha tumika ng'ambo, tukilitazama tairi kwa jicho tu, tukibonyeza kwa kidole gumba, tukasema hili bado jipya? Pengine ulilonunua liliondolewa kwenye gari la watu kwa sababu ya umri wake, si kwa sababu ya kusagika. Na gari la ndugu yako lililoegeshwa uani tangu alipofariki, ambalo mnataka kulipeleka kijijini Desemba, limekaa miaka mingapi?

Tazama ubavuni mwa tairi. Tafuta herufi tatu, DOT. Mwisho wa mstari ule mna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma la mwaka, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Tairi langu lililopasuka liliandikwa 2101, yaani juma la 21 la mwaka 2001. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande mmoja tu, nao ukawa ule wa ndani, basi itakupasa uiname. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka likishapita miaka mitano, na likifika miaka 10 libadilishwe hata kama linaonekana zima. Muuzaji akikataa usiinamie tairi lake, mshukuru, uondoke.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani nilidhani methali hiyo ni ya wenye maduka, wanaohesabu fedha zilizoingia na zilizotoka. Sasa naifahamu zaidi. Nilikuwa na mali, na daftari lilikuwapo, ila sikulisoma, na kilichokaribia kupotea hakikuwa mali.

Mwaka 2016, nilipokuwa najiandaa kurejea nyumbani, niliiuza ile karavani kwa vijana wawili waliokuwa wametoka kufunga ndoa. Walipofika waliizunguka wakisifu rangi, na bibi harusi akapenda sana mapazia ya kitenge. Nikawaambia mapazia wachukue bure. Kisha nikawakalisha kwenye ile meza ndogo, nikafungua daftari la jalada la bluu, na nikakataa kupokea fedha zao mpaka wamelisoma lote. Yule kijana alitazama saa yake mara mbili. Sikujali.

Basi, ndugu msikilizaji, Jumamosi hii kabla hujaosha gari lako likang'aa, inama kwanza utazame zile tarakimu nne. Na kama huna gari, mwonyeshe kondakta wa daladala yako mahali pa kuzisoma. Huenda akakucheka. Mwache acheke.

Tukijaliwa uzima, tukutane tena juma lijalo. Kwaheri kwa sasa.