Elimu ya Ardhi Isiyofungwa

(Mazungumzo kwa mikutano ya wanachama wa vyama vya msingi)



Mkulima wa Ufipa alijua kuitunza ardhi kabla ya kuwapo sera yoyote iliyoandikwa. Uwanda huu una miti michache na nyasi nyingi. Kwa hiyo, mvua zilipokaribia kwisha na udongo ungali laini, wakulima walizifukia nyasi katika matuta ya mviringo yaitwayo ntumba. Nyasi zikaoza humo. Msimu uliofuata matuta yakavunjwa, mboji ikatandazwa na ulezi ukapandwa. Elimu hiyo haikuuzwa. Kijana aliipata kwa kushika jembe kando ya wazazi wake.

Leo jembe peke yake halitoshi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaigawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ya matumizi ya pamoja, ya watu na kaya, na ya akiba. Halmashauri ya kijiji hupendekeza ipi iwe ya pamoja, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli ya kukubali au kurudisha. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya 2007, nayo inaipa halmashauri hiyo mamlaka ya kupanga. Mkutano ukinyosha mikono bila kuielewa ramani, malisho ya wote yaweza kuandikwa kuwa mashamba, na kosa likajulikana siku ya ugomvi.

Vitabu vya kuondoa ujinga huo vipo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa hutoa mafunzo bila malipo juu ya miongozo ya hiari ya umilikaji wa ardhi, iliyopitishwa mwaka 2012. Mwaka 2019 UNESCO nayo ilipitisha pendekezo juu ya nyenzo huria za elimu, yaani zile ambazo mwenyewe ameruhusu zinakiliwe, zitafsiriwe na kurekebishwa.

Hata hivyo, hapana budi kutofautisha cha bure na kilicho huria. Kitabu chaweza kutolewa bure na bado kisiruhusiwe kunakiliwa. Katibu wa chama asome kwanza ukurasa wa leseni na kujibu maswali matatu: Je, tafsiri inaruhusiwa? Je, kuuza nakala kunakatazwa? Jina la mwandishi litajwe vipi? Mwandishi hutajwa daima, na tafsiri isidaiwe kuwa kazi ya shirika lililotoa kitabu. Ama maandishi ya sheria za nchi, hayo hayafungwi na hakimiliki.

Ruhusa hiyo haina faida ikibaki kabatini Sumbawanga. Inafaa kamati ya elimu ya kila chama ichague kurasa chache, izitie katika Kiswahili chepesi, na zisomwe kwa sauti kabla ya siku ya mkutano mkuu wa kijiji, wazee wakifafanuliwa kwa Kifipa. Na kwa kuwa leseni huria huruhusu kuongeza, ntumba nayo iandikwe humo, ili mwanachama aone kwamba hakuja darasani mikono mitupu.

Elimu ni mojawapo ya misingi ya ushirika. Mwenye kuuelewa mpango ndiye anayeweza kuukubali kwa hiari, au kuukataa kwa hoja.