Bustani ya Kew na Mwembe wa Kengele

(Mazungumzo yaliyotolewa katika chakula cha mchana cha Mkutano wa Wanafunzi wa Zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu wa zamani na wa sasa, wenzangu tuliosoma hapa, na ninyi vijana mlioketi huko nyuma mkiunusa wali unaochelewa:

Naanza kwa kuomba radhi. Katibu aliponiandikia barua ya kunialika, alinipendekezea mada ya utumishi wa umma na matatizo yake. Nimo katika utumishi huo tangu nilipotoka Chuo Kikuu, na najua mada hiyo ingewalaza hata wasio na desturi ya kulala mchana. Kwa hiyo nimeomba ruhusa nizungumzie bustani. Wale tuliokuwa darasa moja wataanza kucheka, maana wanakumbuka kwamba mimi nilikuwa mtoro mashuhuri wa kazi za shamba, na kwamba adhabu yangu ya kawaida ilikuwa kumwagilia maji ule mwembe wa kengele. Na mwembe huo nitaufikia.

Mwaka 2008 nilipata nafasi ya kwenda kusoma shahada ya pili London. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mimi nilimwita Mama, kwa sababu sikuweza kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake tupu kama alivyotaka mwenyewe. Mwanzoni alishangaa, kisha akazoea, na mwisho nilipomwita kwa jina alidhani nimekasirika.

Dirishani kwake palikuwa na vyungu vitano vya maua madogo ya zambarau, yenye majani manene yenye vinyweleo. Siku ya kwanza niliyatazama sana. Mimi ni mtu wa Amani, wilaya ya Muheza, milima ya Usambara Mashariki, na maua yale nilikuwa nimeyaona utotoni kwenye miamba yenye kivuli karibu na kijito tulikoteka maji. Hatukuyajali hata kidogo, maana hayaliwi na mbuzi hana habari nayo. Mama akaniambia ameyanunua dukani pamoja na mkate. Nilipomweleza kwamba maua hayo kwao ni kwetu, hakuniamini mpaka alipofungua kitabu.

Habari yake ni hii. Mwaka 1892 afisa wa utawala wa Kijerumani pale Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyachukua maua hayo akayapeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen, naye mwaka 1893 akayapa jina la Saintpaulia. Tangu hapo yameenea madirishani mwa dunia nzima. Mtumishi wa serikali mwenzangu aliokota ua njiani, na jina la ukoo wake likaingia vitabuni. Mimi nimeandika majalada elfu na sijui hata moja liko wapi.

Basi Mama huyo alikuwa na mapenzi na bustani ya Kew. Nasema mapenzi kwa maana yake kamili. Alikwenda kila wiki, mvua au jua, na aliporudi alinieleza nini kimechipua na nini kimekauka, kama mtu aliyetoka kutazama wagonjwa. Aliniomba tufuatane zaidi ya mara tatu. Nilikataa kwa kisingizio cha masomo. Moyoni nilijiuliza mtoto wa mkulima atalipaje kiingilio kwenda kutazama miti.

Usiku mmoja wa Januari 2009 simu ililia. Baba yangu alikuwa amefariki dunia. Kwetu maiti haisubiri. Ndugu zangu walisema atazikwa siku ileile baada ya sala ya adhuhuri, na hapakuwa na ndege ya kunifikisha hata kama ningekuwa na nauli, ambayo sikuwa nayo. Waliosoma ng'ambo mnaijua hali hiyo. Unakaa kitandani na viatu vyako miguuni na huna pa kwenda.

Asubuhi Mama alinikuta vilevile. Hakunipa maneno mengi ya pole. Waingereza wengi hawana hodari huo. Aliniletea koti langu akasema, "Twende." Nikamfuata kama mtoto. Tulifika lango la Kew linapofunguliwa, majira ya saa nne. Saa nne ya London wakati wa baridi ni saa saba mchana kwetu. Nilipiga hesabu hiyo nikiwa nimesimama mlangoni.

Vijana, nisiwape picha ya uongo kwamba bustani ya Kiingereza mwezi wa Januari ni pepo. Majani ni rangi ya kijivu, miti imevuliwa nguo, na upepo wa mto Thames unakukata masikio. Mama akanipitisha hapo bila kusimama mpaka kwenye Nyumba ya Minazi. Hilo ni jengo kubwa la chuma na vioo lililojengwa kati ya mwaka 1844 na 1848. Vioo vyake ni kama 16,000. Ndani yake wanatunza miti ya nchi za joto. Akanifungulia mlango.

Miwani yangu ikaingia ukungu mara moja. Sikuona kitu. Lakini pua yangu iliona. Ilikuwa harufu ya udongo uliolowa, majani yanayooza, na joto lile la Amani baada ya mvua ya masika. Nilipofuta miwani nilikuwa chini ya mgomba, tone la maji linanidondokea shingoni. Mguuni mwa mgomba palikuwa na kibao chenye jina la kitaalamu: Musa. Nilicheka peke yangu, kwa sababu kijijini kwetu kila nyumba ya tatu ina Musa wake. Kisha kicheko kikageuka, nikalia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya watalii. Saa ile walikuwa wanamteremsha baba kaburini, nyuma ya nyumba, kwenye ukingo wa migomba yake. Mama alisimama kando akasoma vibao vya miti mingine mpaka nilipomaliza.

Tangu siku hiyo nilikwenda naye karibu kila Jumamosi. Alinionyesha benchi lenye kibao cha kumbukumbu ya mumewe, na pale ndipo tulipokula mkate wetu. Alinionyesha pia mmea mmoja unaofanana kidogo na mnazi mfupi, ambao wataalamu huuita Encephalartos woodii. Uligunduliwa mwaka 1895 katika msitu wa Ngoye, Afrika Kusini. Ulikuwa mmea mmoja tu, nao dume. Jike halijapatikana porini hadi leo. Kipande chake kilifika Kew mwaka 1899. Mama alikuwa anausalimia. Alisema, "Na huyu anaishi peke yake."

Sikuipenda bustani hiyo kwa upofu, na nisingependa ninyi muipende hivyo. Kew ilianza mwaka 1759 kama bustani ya jumba la kifalme, lakini baadaye ilikuwa mkono wa dola. Mwaka 1876 mbegu zipatazo 70,000 za mpira zilitolewa Brazil zikaoteshwa Kew, na miche yake ikapelekwa Asia. Baada ya miongo kadhaa soko la mpira wa Brazil likaanguka. Hata miti ya kwinini ilipitia mikononi mwao. Nililisema hilo siku moja benchini kwa ukali kidogo. Mama akasikiliza, akajibu kwamba ni kweli, kisha akaniuliza kama nimekwenda kuona hesabu wanayoifanya ya mimea ya kwetu. Sikuwa nimekwenda. Hesabu hiyo ni ule mfululizo wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki, kazi iliyoanzishwa mwaka 1948 na kukamilika mwaka 2012, ikiwa na zaidi ya aina 12,000 za mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda. Wataalamu wetu nao walishiriki. Mpaka leo sijui niweke wapi mambo hayo mawili ndani ya kichwa kimoja. Nimeyaacha yakae pamoja kama wapangaji wasiosalimiana.

Mwezi wa Juni 2019 nilitumwa London kwenye mkutano wa kikazi. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Siku ya mapumziko wenzangu walikwenda madukani. Mimi nikapanda treni ya Kew. Nilikuwa na woga wa ajabu, kama mtu anayekwenda kudai deni kwa jirani aliyehama. Bustani ilikuwa imejaa watoto na majani mabichi. Benchi lilikuwepo, nikaketi. Akaja mzee mmoja akaniuliza kama kuna mtu mahali pale. Nikasema hapana, kisha nikaona nimesema uongo.

Sasa nije kwenye mwembe.

Katika matembezi yetu Mama alipenda kunisimamisha mbele ya mwaloni mkubwa uitwao Mwaloni wa Turner, uliopandwa mwaka 1798. Miaka ya themanini mti huo ulikuwa unadhoofika, matawi ya juu yanakauka, na watunzaji hawakujua sababu. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987 tufani kubwa ilipiga kusini mwa Uingereza. Kew peke yake ilipoteza miti ipatayo 700. Mwaloni huo upepo uliung'oa pamoja na mizizi yake, ukaunyanyua, kisha ukauachia ukae palepale. Wakauegemeza kwa nguzo wakaendelea na miti mingine, wakidhani wataukata baadaye. Baada ya kama miaka mitatu wakakuta umenawiri kuliko ulivyokuwa kabla ya tufani. Ndipo walipotambua ugonjwa wake: miguu ya wageni kwa miaka mingi ilikuwa imeushindilia udongo hata maji na hewa havipiti. Tufani iliutingisha udongo ukalegea. Tangu hapo huko Kew hulegeza udongo wa miti mikongwe kwa mashine za kupulizia hewa.

Jana jioni nilikwenda kuutazama mwembe wetu. Kipande cha reli bado kinaning'inia. Matawi ya upande wa jikoni yamekauka, na udongo chini yake ni mgumu kama sakafu. Nilijaribu kuuchoma kwa ufunguo wa gari, ufunguo ukapinda. Na ingekuwaje vinginevyo? Tumepanga mistari chini ya mti ule kila asubuhi kwa miaka hamsini na zaidi. Ninyi na sisi ndio tulioushindilia.

Ndugu Mwenyekiti, naona katika ratiba ya mchana huu, fungu la sita, kuna pendekezo la kuukata na kumwaga zege ili pawe na jukwaa. Simlaumu mtu. Aliyependekeza ameona mti unakufa. Lakini naomba fungu hilo liahirishwe kwa misimu miwili ya mvua. Mashine ya hewa hatuna, mtaimbo tunao. Nimezungumza na mwalimu wa kilimo, naye amekubali tutoboe matundu kuzunguka shina pole pole, tusikate mizizi mikubwa, tutie samadi, tufunike kwa majani makavu, na tuzungushe ua wa fito. Mistari ya asubuhi ihamie uwanjani.

Samadi nimekwisha kuilipia, itafika kesho saa moja na nusu. Nahitaji watu ishirini wenye mitaimbo. Wanafunzi wa zamani wasije na viatu vya ofisini, na mtu asilete kisingizio cha mgongo, maana orodha ya watoro wa kazi za shamba naijua vizuri. Nilikuwa wa kwanza.